Je, Kuona Ndiko Kujua?

Mara nyingi watu wanaotafuta kweli hutuambia: "Mimi siamini ila nikionacho kwa macho yangu mwenyewe." Si vema kulidharau neno hili. Anayelisema huenda amekwisha kudanganywa mara moja au mbili, naye sasa anajihadhari. Lakini hapana budi neno lenyewe nalo liulizwe. Je, kuona ndiko kujua? Na ikiwa yako mambo tusiyoweza kuyaona ila kwa macho ya mtu mwingine, mtu huyo ana wajibu gani kwetu?

Maulizo haya hayakunijia kitabuni, bali yalinijia Tunduma. Wanaoufahamu mji huo wanajua jinsi malori yanavyopanga mstari kungojea kuvuka mpaka kwenda Nakonde, upande wa Zambia. Palikuwa na kijana mmoja, utingo wa lori, aliyehudhuria darasa letu la jioni kama msikilizaji. Hakuwa amejifunga na upande wowote, ila alipenda kuuliza. Miezi kadhaa kabla ya hapo lori lao lilipinduka mteremkoni, akavunjika paja, na madaktari wakauunga mfupa kwa bamba la titani na skurubu.

Jioni moja alinisubiri mpaka wenzake walipoondoka, kisha akatoa mfukoni karatasi iliyokunjwa mara nne. Alikuwa amepewa karatasi hiyo stendi pamoja na chupa ya dawa, ambayo ilimgharimu karibu ujira wake wa mwezi mzima. Karatasi ilikuwa na picha ya kiwanja kilichojaa vishimo kama sega la nyuki, na juu yake kiumbe cha ajabu cha rangi ya zambarau, kimejitandaza na kunyosha vidole virefu vyembamba kila upande. Muuzaji alimwambia kwamba hivyo ndivyo dawa ile inavyouotesha mfupa juu ya chuma, na kwamba picha imepigwa Ulaya kwa hadubini kubwa kabisa. "Macho yako mwenyewe yanaona," alimwambia. Kijana akaniuliza: "Sheikh, picha hii ni ya kweli au ya uongo?"

Nilimwomba anipe muda. Nilisoma, nikawauliza wenye elimu hiyo, na jawabu nililompa nataka niwape na wasomaji, kwa kuwa lina faida kubwa kuliko habari ya chupa moja ya dawa.

KITU KILICHOONEKANA

Kwanza yafaa tujue picha ile ni ya kitu gani. Kiumbe kile ni seli, yaani chembe hai, na kiwanja kile ni uso wa titani. Katika miaka ya 1950 mtaalamu mmoja wa Sweden, Per-Ingvar Brånemark, alitia vifaa vidogo vya titani katika mifupa ya sungura ili atazame mwendo wa damu. Alipotaka kuvitoa, hakuweza. Mfupa ulikuwa umeshikamana navyo. Hilo silo alilokuwa akilitafuta, lakini hakulipuuza. Mwaka 1965 alimtilia mgonjwa wa kwanza meno yaliyosimama juu ya mizizi ya titani.

Tangu hapo wataalamu wamejiuliza seli za mfupa hupenda uso wa namna gani. Seli huupapasa uso kwa vidole vyake, na hutambua vishimo na vilima vidogo mno. Kwa hiyo hutengenezwa nyuso zenye vijibomba ambavyo upana wake ni kama nanomita 15 hadi 100. Nanomita ni sehemu moja katika milioni ya milimita. Unywele mmoja wa kichwani una upana wa kiasi cha nanomita 80,000.

Jicho halifiki huko. Hata hadubini ya kawaida, kama ile itumikayo zahanati kutafutia vijidudu vya malaria, haifiki, maana nuru yenyewe ni nene mno kwa kazi hiyo: vitu viwili vilivyokaribiana kwa chini ya nanomita 200 hivi huonekana kama kitu kimoja. Mwaka 1931, huko Berlin, Ernst Ruska na Max Knoll walitumia elektroni mahali pa nuru, na sumaku mahali pa vioo. Na mwaka 1986 Ruska alipewa sehemu ya Tuzo ya Nobel kwa kazi hiyo. Baadaye ikaja namna nyingine ya chombo hicho, iliyoanza kuuzwa Uingereza mwaka 1965, ambayo hupitisha mshale mwembamba wa elektroni juu ya kitu, mstari baada ya mstari, kama mkulima alimavyo tuta baada ya tuta. Elektroni zinazoruka kutoka usoni mwa kitu hicho hukusanywa, na kutokana nazo picha hujengwa. Kwa chombo cha namna hii ndipo seli huonekana imekaa juu ya vijibomba vya titani.

GHARAMA YA KUONA

Lakini kuona huku kuna gharama. Elektroni hupotea njia penye hewa, kwa hiyo chumba cha hadubini hutolewa hewa yote. Nayo seli hai kwa sehemu kubwa ni maji, na ikitiwa humo kama ilivyo, maji yake yatatoka kwa nguvu nayo itaharibika. Basi seli hutayarishwa kwanza, na matayarisho yenyewe ni haya.

Kwanza, huoshwa na kutiwa katika dawa iitwayo glutaraldehaidi, ambayo hufunga protini zake mahali zilipo. Hapo seli hufa, lakini hufa katika mkao wake. Pili, hutiwa dawa ya osimiamu ili mafuta ya utando wake yasiyeyuke. Tatu, maji hutolewa kidogo kidogo kwa alkoholi, kuanzia asilimia 30, kisha 50, kisha 70, kisha 90, hata 100. Nne, alkoholi hubadilishwa kwa kaboni dayoksaidi iliyokandamizwa mpaka ikawa kimiminika, kisha hiyo hupashwa joto mpaka ipite nyuzi 31 za Selsiasi, igeuke hewa bila kuivuta seli. Ukiiacha seli ikauke yenyewe, maji yanapoondoka huvuta kuta zake, nayo huanguka kama hema iliyong'olewa mti wa kati. Tano, kwa kuwa seli haipitishi umeme vizuri, hupakwa utando wa dhahabu au platini wenye unene wa nanomita chache.

Basi kilichokuwa katika karatasi ya yule kijana hakikuwa seli hai. Kilikuwa maiti iliyokaushwa na kupakwa madini. Hata rangi ya zambarau iliongezwa baadaye na mkono wa mtu, kwani picha za elektroni hutoka nyeusi na nyeupe.

Zaidi ya hayo, kila hatua ina hatari yake. Hata ukaushaji wa uangalifu hupunguza ukubwa wa seli. Dhahabu ikipakwa kwa unene wa nanomita 10 juu ya vijibomba vyenye upana wa nanomita 15, mtazamaji aweza kuwa anatazama dhahabu aliyoipaka mwenyewe, huku akidhani anatazama titani. Na akitaka kuona chini ya seli, mahali inapogusana na titani, ambapo ndipo penye siri yenyewe, hana budi kuikata kwa mshale wa chembe nzito za madini. Na kila anachokikata hukiharibu, hawezi kukirudia.

JE, MAITI YAWEZA KUSHUHUDIA UHAI?

Mtu aweza kusema: "Ikiwa ni hivyo, picha hizo zote ni upuzi." Jawabu lake ni kwamba sivyo, na mfano wake uko karibu na Tunduma, katika mkoa huu huu wa Songwe. Pale Ndolezi, wilayani Mbozi, kimelala kimondo mashuhuri, donge la chuma lenye urefu wa mita 3 hivi, ambalo hukadiriwa kuwa na tani zipatazo 16. Wanasayansi walipata habari zake mwaka 1930. Hakuna mtu aliyeacha maandishi kwamba alikiona kikianguka. Tumejuaje basi kwamba kimetoka mbinguni? Chuma chake kimechanganyika na nikeli kwa kiasi cha asilimia 8 hadi 9. Tena kipande cha kimondo cha namna hiyo kikikatwa, kikasuguliwa hata king'are, kisha kikaoshwa kwa asidi, huonyesha mistari inayokatizana, ambayo hutokea tu pale chuma na nikeli vinapopoa polepole mno kwa mamilioni ya miaka. Hakuna mhunzi awezaye kuifanya.

Msumeno umejeruhi kimondo, na asidi imekula sehemu yake. Lakini asidi haikuichora mistari ile. Imeifichua tu. Hapa ndipo penye swali la kila mwenye kuona kwa kutumia chombo: Je, mkono wangu umefichua, au umechora? Asiyejiuliza swali hilo hafai kuwa shahidi, hata akiwa na hadubini ya thamani kubwa.

PICHA NA ISNADI YAKE

Nilipokuwa mwanafunzi chuoni ng'ambo, ustadhi wetu wa Hadithi alikuwa na desturi ya kumnyamazisha mwanafunzi aliyesoma matini kabla ya kuwataja wapokezi wake. Kwa faida ya wasomaji wapya, isnadi ni mfululizo wa watu waliopokeana habari, huyu kutoka kwa huyu, mpaka kumfikia Mtume Mtukufu s.a.w. Imamu Bukhari, aliyefariki mwaka 870, na wanavyuoni wenzake hawakuridhika na uzuri wa maneno. Walichunguza kila mpokezi: Je, alikuwa mkweli? Kumbukumbu yake ilikuwa imara? Alikutana kweli na yule anayesema amesikia kwake? Na jambo la kuzingatia sana ni kwamba mtu mchamungu, asiyesema uongo kamwe, aliweza kuandikwa kuwa mpokezi dhaifu kwa kuwa kumbukumbu yake ilikuwa mbovu. Walijua kwamba kosa halihitaji mwongo.

Wanasayansi nao, bila kuliita jina hilo, wana isnadi yao. Anayetoa picha ya seli juu ya titani hupaswa kueleza ametumia dawa gani na kwa muda gani, amekaushaje, amepaka dhahabu ya unene gani, na ametazama vipande vingapi. Chini ya picha huwekwa mstari mdogo wa kipimo. Mtu wa kawaida hupita juu ya maelezo hayo, kwani hayapendezi kama picha. Lakini picha isiyo na maelezo hayo ni kama matini isiyo na isnadi.

Faida yake ilionekana wazi katika habari ya bakteria. Katika miaka ya 1950 na 1960 wataalamu wengi waliona ndani ya bakteria mikunjo ya utando, wakaiita mesosomu, wakatafuta kazi zake. Ilichapishwa katika vitabu vya shule. Baadaye, sampuli zilipotayarishwa kwa kugandishwa ghafla badala ya kutiwa dawa, mikunjo ile haikuonekana. Dawa za matayarisho ndizo zilizoifanya. Wale walioiona hawakusema uongo; macho yao yaliiona kweli. Lakini kitu walichokiona kilikuwa kazi ya mikono yao. Na kosa liligunduliwa kwa sababu walikuwa wameandika jinsi walivyofanya, hata wengine wakaweza kufanya vingine na kulinganisha.

Hata juu ya vijibomba vya titani mambo yalikuwa hivyo. Mwaka 2007 watafiti wa Ujerumani walieleza kwamba seli zilistawi zaidi penye upana wa nanomita 15, na penye nanomita 100 nyingi zilikufa. Mwaka 2009 watafiti wa California walieleza kwamba penye nanomita 100 seli zilijinyosha na kuelekea kuwa seli za mfupa. Wote walikuwa na hadubini za elektroni. Basi chombo hakikumaliza hoja. Wenye elimu walirudi kwenye maelezo ya kila upande, wakatafuta tofauti ilikoanzia.

Lakini liko kosa jingine, na hili ni la moyo. Juu ya kipande kimoja kidogo cha titani huwa na maelfu ya seli, na katika karatasi hutolewa picha ya moja au mbili. Nani amezichagua? Mtafiti aweza kupita juu ya mia zilizosinyaa akapiga picha ya moja iliyonawiri, kisha asiandike neno lolote la uongo. Mashahidi mia wamenyamazishwa, mmoja ameruhusiwa kusema. Kurani Tukufu imetukataza kuficha ushahidi, na imetutaka tuutoe kwa uadilifu hata ukitudhuru sisi wenyewe. Amri hiyo humfikia hata mtu aliyekaa peke yake katika chumba chenye giza mbele ya hadubini, mahali ambapo hakuna mwingine ajuaye ameona nini.

KUTOKA KAMPALA HADI LONDON

Afrika ya Mashariki yetu ina mfano bora wa jambo hili. Daktari wa upasuaji Denis Burkitt, aliyekuwa katika hospitali ya Mulago, Kampala, aliona watoto wengi wenye uvimbe mbaya wa taya. Machi 1961 alitoa mhadhara London, na miongoni mwa wasikilizaji alikuwamo Anthony Epstein, mtaalamu wa hadubini ya elektroni. Tangu hapo vipande vya uvimbe vilipelekwa kwa ndege kutoka Uganda, naye akavitafuta virusi ndani yake kwa muda mrefu bila ya kuona kitu. Desemba 1963 ndege iliyochukua kipande kimoja ilizuiwa na ukungu. Kilipofika kimechelewa, maji yake yalikuwa yamechafuka, na wengine wangeyamwaga. Epstein akayatazama kwa hadubini ya kawaida, akaona seli hai zinaelea. Seli hizo zikakuzwa, na Februari 1964 akaziweka katika hadubini ya elektroni. Akaona virusi.

Alifanya nini basi? Yeye mwenyewe alisimulia kwamba alihofu mshale wa elektroni ungeiunguza sampuli, kwa hiyo akaizima mashine, akatoka nje, akatembea katika theluji mpaka akatulia, kisha akarudi kutazama tena. Yeye na wenzake, Bert Achong na Yvonne Barr, walipochapa habari zao Machi 1964, walisema wameona virusi katika seli zilizotoka katika uvimbe huo. Hawakusema wamethibitisha chanzo cha saratani. Sampuli zikapelekwa Philadelphia kwa wachunguzi wengine, na baadaye ikajulikana kwamba watu wazima wengi mno duniani wanavyo virusi hivyo bila kupata uvimbe. Ilibidi kutafuta sababu nyingine zinazoshirikiana navyo, malaria ikiwa mojawapo. Kuona kulichukua siku moja. Kujua kulichukua miaka mingi. Na nyuma ya kila picha walikuwapo watoto wa Uganda waliokuwa wagonjwa. Mwenye kukumbuka hilo hawezi kuifanya picha kuwa pambo.

JAWABU LA KIJANA

Basi nilimwambia yule kijana hivi: "Picha yako huenda ni ya kweli, lakini ushahidi wake ni wa uongo. Inaonyesha seli juu ya titani. Haisemi neno lolote juu ya chupa yako. Nani ameipiga? Wapi? Seli hizo zilitiwa dawa hiyo, au hazikutiwa? Na zile zisizotiwa zilionekanaje? Muuzaji ameiba shahidi wa watu wengine, akamsimamisha katika kesi isiyo yake." Nikamshauri arudi kwa daktari wa mifupa, atazamwe kwa eksirei, tena aulize kila lililomo moyoni mwake bila ya haya.

Alinyamaza kidogo, kisha akasema: "Nimefahamu, Sheikh. Lakini ninyi wahubiri nanyi mwatuletea habari za mambo tusiyoyaona. Isnadi yenu iko wapi?"

Nakiri kwamba kulikuwa na jawabu jepesi mdomoni mwangu. Ningeweza kumwambia: "Wewe huzioni seli za paja lako na unaziamini, basi mwamini na Mwenyezi Mungu." Wahubiri wengi husema hivyo. Lakini hiyo si hoja ya haki. Seli isiyoonekana kwa jicho haithibitishi kila kisichoonekana, kama ambavyo picha ile haikuthibitisha dawa ile. Ningesema hivyo, ningekuwa nimefanya kama yule muuzaji wa stendi.

Habari ya hadubini inatufundisha machache, lakini ni ya hakika. Kwanza, yule asemaye kwamba haamini ila akionacho, hawezi kuishi kwa neno lake mwenyewe. Bamba lililo ndani ya paja lake amelipokea kwa amana ya watu asiowajua. Pili, kwa kuwa sote tunaishi kwa ushahidi wa wengine, swali la haki kwa shahidi ni hili: "Umejuaje, na umefanya nini ili ujue?" Tatu, na hili latuhusu sisi tunaofundisha, swali hilo si utovu wa adabu. Anayelitoa anatutendea kama mashahidi, na shahidi akikasirika kwa kuulizwa amejishuhudia mwenyewe vibaya.

Kwa hiyo nilimwambia: "Umeuliza haki yako. Keti. Tutaanza na yale niliyoyapokea na niliyapokea kwa nani, kisha yale niliyoyajaribu katika maisha yangu mwenyewe, na mahali nisipojua nitakwambia sijui." Tuliketi mpaka usiku, na tukaketi tena siku nyingine. Mguu wake ulipona kwa utaratibu wake, na maulizo yake hayajaisha, nami siombi yaishe.

Mwenyezi Mungu atujaalie kuwa mashahidi wa kweli katika yale tunayoyaona na yale tunayoyafikisha, na atulinde tusije tukachora tulikoamriwa kufichua. Amin.